Uwiano kama Kigezo cha Kubainisha Kikomo cha Mfululizo wa Kijiometri

Mfululizo wa kijiometri huanza na namba a, na kila namba inayofuata hupatikana kwa kuzidisha iliyoitangulia kwa uwiano r usiobadilika. Mfululizo wa aina hii usipokuwa na mwisho, huibuka swali linalotangulia ukokotozi wowote: je, jumla yake ipo?

Ili kulijibu, huchunguzwa kwanza jumla ya namba n za mwanzo, yaani Jₙ = a + ar + … + arⁿ⁻¹. Jumla hiyo ikizidishwa kwa r, kisha tokeo likatolewa katika jumla yenyewe, hubaki Jₙ(1 − r) = a(1 − rⁿ). Kwa hiyo, r isipokuwa 1, Jₙ = a(1 − rⁿ)/(1 − r). Katika usemi huu, kinachobadilika n inapoongezeka ni rⁿ pekee. Hatima ya mfululizo imo humo.

Ikiwa −1 < r < 1, rⁿ hukaribia sifuri na mfululizo huwa na kikomo, ambacho ni a/(1 − r). Kwa r iliyo nje ya mipaka hiyo, na a isiyo sifuri, kikomo hakipo: r ikizidi 1 au ikiwa chini ya −1, ukubwa wa rⁿ hukua bila ukomo, r ikiwa 1, jumla ni na, nayo hukua vivyo hivyo, r ikiwa −1, jumla hupishana baina ya a na 0.

Mifano miwili ya kihistoria inadhihirisha uzito wa sharti hili. Katika karne ya 3 K.K., Archimedes alithibitisha kwamba eneo la kipande cha parabola ni 4/3 ya eneo la pembetatu yenye kitako na kimo kilekile. Tokeo hilo linalingana na 1 + 1/4 + 1/16 + …, ambapo r = 1/4. Kinyume chake, mwaka 1703 Guido Grandi alijadili 1 − 1 + 1 − 1 + …, ambao kanuni huupa jumla ya 1/2, ilhali jumla zake za hatua kwa hatua ni 1, 0, 1, 0, wala hazikaribii nusu kamwe.

Kosa katika mfano wa pili halimo katika hesabu, bali katika kuitumia kanuni pasipo sharti lake. Kwa hiyo, sharti la r ni sehemu ya kanuni yenyewe, si nyongeza.