Kasuku au Mhakiki? Katuni za Kichina kwa Sauti za Kijapani

Muhula uliopita nilipeleka pendekezo la tasnifu juu ya uingizaji sauti katika katuni. Nikaambiwa nikatafute fasihi yenyewe, kwa kuwa kazi hiyo eti ni ya kasuku: Mchina kasema, Mjapani karudia, basi. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba anayeingiza sauti ni mhakiki, apende asipende.

Tuanze na majina. Wachina na Wajapani wanachangia alama nyingi za maandishi, ila kila mmoja huzisoma kivyake. Katika hadithi za Falme Tatu, Wajapani wamezoea kumwita Cao Cao "Soso", na Liu Bei "Ryubi". Lakini itazame Mo Dao Zu Shi, katuni ya mfululizo iliyotoka China mwaka 2018, ikaonyeshwa Japani kwa sauti za Kijapani kuanzia Januari 2021. Humo Wei Wuxian anaitwa kwa matamshi yanayofuata Kichina. Nionavyo mimi, hapo ugeni wa mhusika umetunzwa kwa makusudi.

Luo Xiaohei Zhan Ji, filamu ya 2019 iliyopata sauti za Kijapani mwaka 2020, inatutatiza zaidi. Kijana Xiaohei kabaki "Shaohei", karibu na Kichina. Mwenzake Wuxian, kwa upande wake, kawa "Mugen", yaani alama zilezile zikisomwa Kijapani, maana yake "pasipo mwisho". Mjapani akisikia "Mugen" anaipata maana papo hapo. Basi katika filamu moja, jina moja limelinda sauti, jingine limelinda maana. Kasuku gani huyo anayechagua?

Aidha, kuna suala la nafsi. Mchina kwa kawaida husema "wo" tu. Mjapani ana "watashi" la adabu, "boku" la kiume lenye upole, "ore" la kiume lenye ubabe, na mengineyo. Akichagua moja, amekwisha kumpima mhusika tabia na cheo chake. Tena "wo" ni silabi moja, "watashi" ni tatu, na mdomo uliochorwa haumngojei mtu! Anaweza kuliacha neno lenyewe, maana Kijapani kinaruhusu. Lakini kuacha nako ni kuamua.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare inayomhusu mfanyabiashara wa Venisi, aliipa jina Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika "mfanyabiashara". Neno "mabepari" peke yake ni uhakiki mzima, na hakuna mwanafunzi wa fasihi anayelipita bila kuliuliza.

Kama swali hilo linafaa kuulizwa kwenye jalada la kitabu, linafaa pia kuulizwa kwenye sauti ya katuni. Pendekezo langu nitalirudisha lilivyo.