Ekseli ya Nyuma: Pima Mzigo Kabla ya Kununua Chuma

Siku hizi huko Kinangop si ajabu kuona pikipiki iliyokatwa nyuma, ikatiwa magurudumu mawili na bodi ya kubebea viazi. Ni jambo jema, maana mkulima mwenye chombo chake hangoji lori la mchuuzi. Lakini chombo hiki kina kiungo kimoja ambacho wengi hawakiangalii mpaka siku kinapovunjika. Nacho ni ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachoshika magurudumu mawili na kubeba karibu mzigo wote.

Shemeji yangu alitengenezewa chombo cha namna hiyo. Ekseli yake ilikuwa chuma cha duara chenye unene wa milimita 25. Fundi alimwambia, "Hiki ni chuma kitupu, mzee, hakivunjiki." Wiki ya nne, akiteremka na magunia manane, gurudumu la kushoto likang'oka pamoja na kipande cha ekseli. Bodi ililala ubavu, viazi vikamwagika mtaroni, na kijana aliyekaa juu ya magunia akavunjika mkono. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fundi hakuwa mbebaji.

Basi, mkulima, chukua karatasi na kalamu tufanye hesabu pamoja.

Kwanza, jua uzito. Gunia la viazi ni kilo 50, kwa hiyo magunia manane ni kilo 400. Tuseme bodi ni kilo 100. Jumla ni kilo 500, na kila gurudumu la nyuma labeba 250. Huo ni uzito wa chombo kilichosimama. Kikiingia shimoni kwa kasi, uzito huo waweza kuwa mara mbili au hata mara tatu kwa nukta moja. Ekseli sharti ichaguliwe kwa ajili ya nukta hiyo.

Pili, jua unene. Watu wengi hufikiri kwamba chuma kikizidi unene kidogo, nguvu nayo huzidi kidogo. Sivyo. Nguvu ya chuma cha duara kisichopinda hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. 25 × 25 × 25 ni 15,625. 40 × 40 × 40 ni 64,000. Chuma cha milimita 40 kina nguvu mara nne na zaidi kuliko cha milimita 25, ingawa machoni tofauti yao ni upana wa kidole tu.

Tatu, tazama mahali pa beringi. Shika jembe mwisho wa mpini uliinue, kisha lishike karibu na chuma. Utaona jinsi lilivyokuwa zito mara ya kwanza. Ndivyo ilivyo kwa ekseli. Gurudumu likiwa mbali na beringi, chuma hupindwa kwa nguvu zaidi. Ukipunguza nafasi hiyo kutoka sentimita 10 hadi 5, nguvu ya kupinda hupungua nusu, na huenda usilipe hata senti moja zaidi.

Kwa mzigo wetu wa kilo 500, na nafasi ya sentimita 10, chuma laini cha kawaida cha milimita 25 hupinda uzito ukifika mara mbili. Cha milimita 32 huponea chupuchupu ukifika mara tatu. Cha milimita 40 hubaki na akiba ya nusu ya nguvu zake. Akiba hiyo ni ya lazima, maana ekseli inayozunguka hupindwa huku na huku kila mzunguko. Gurudumu lenye mzingo wa mita 1.6 huzunguka mara 625 katika kilomita moja. Kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, siku moja chuma hukatika bila kupinda kwanza.

Ufa huanzia wapi? Huanzia penye kona kali, penye mfereji wa kushikia gia, na zaidi penye alama ya kuchomelewa. Kwa hiyo usikubali gia ichomelewe juu ya ekseli. Mpelekee fundi wa kukereza chuma, na kila mahali unene unapobadilika akuachie kona ya mviringo. Nondo ya kujengea nyumba na bomba la maji si ekseli.

Ukiwa na uwezo, lililo bora ni ekseli kamili yenye difu na gamba lake, iliyotoka katika gari dogo la mizigo au katika chombo cha magurudumu matatu cha kiwandani. Difu huyaacha magurudumu yazunguke kwa mwendo tofauti penye kona, na ekseli haisokotwi bure. Lakini uliza imetoka wapi. Suzuki Carry ndogo ya Japani, kwa mfano, huko kwao huruhusiwa kubeba kilo 350 tu. Usiipakie ekseli yake kilo 800 kisha ukalalamika.

Kumbuka pia breki ziwe katika magurudumu yote mawili ya nyuma, na uulize NTSA habari za ukaguzi na usajili kabla ya kuingia barabarani. Wala mtu asikae juu ya mzigo.

Shemeji alilipa mara mbili, mara ya kwanza kwa chuma rahisi, mara ya pili kwa chuma kinachofaa. Sasa ana ekseli ya milimita 40, na beringi zimesogezwa karibu na magurudumu. Kijana amepona, lakini siku hizi hutembea kwa miguu nyuma ya magunia. Wewe lipa mara moja. Andika uzito wako, unene na nafasi ya beringi, umpe fundi karatasi hiyo kabla hujampa fedha.