Ritifaa, Mkato na Saa: Uhifadhi wa Data za Kiswahili katika Mafaili ya Matini

Programu ya kompyuta inapoendeshwa huweka data zake katika kumbukumbu ya muda. Mtumiaji anapoifunga, au umeme unapokatika, kumbukumbu hiyo hufutika yote. Ili kazi ya leo iendelezwe kesho, sharti programu iziandike data hizo katika faili na kuzisoma tena inapofunguliwa. Njia sahili zaidi ni faili la matini: kila rekodi hupewa mstari wake, na sehemu za rekodi hutenganishwa kwa alama moja iliyoteuliwa. Kwa watafiti wanaokusanya msamiati au majibu ya hojaji, ubora wa njia hii ni kwamba faili huweza kusomwa na programu nyingine hata baada ya ile iliyoliandika kutoweka au leseni yake kumalizika. Hata hivyo, usomekaji huo hutegemea maamuzi ambayo aghalabu huachiwa mtayarishaji programu peke yake, ilhali ni maamuzi ya kiisimu na ya kisera.

Uamuzi wa kwanza unahusu herufi. Kiswahili Sanifu huandikwa kwa alfabeti ya Kilatini isiyo na alama za juu ya herufi, hivyo hudhaniwa kwamba hakina tatizo la usimbaji. Dhana hiyo hukwama penye ritifaa. Neno ng'ombe laweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, ambayo katika Unicode ni U+0027, au kwa iliyopinda, U+2019, ambayo programu nyingi za kuchapia huiweka zenyewe bila kuulizwa. Kwa jicho la msomaji neno ni lile lile. Kwa kompyuta ni maneno mawili, na anayetafuta moja hataliona la pili. Katika UTF-8 ritifaa ya kwanza huchukua baiti 1 na ya pili baiti 3, na programu inayolisoma faili hilo kwa usimbaji wa Windows-1252 huonyesha ngâ€™ombe. Wapo wanaokimbilia kuifuta ritifaa kabisa. Huko ni kuiharibu data, kwa kuwa ng'oa na ngoa ni maneno mawili tofauti. Lililo sahihi ni kuteua ritifaa moja na kuzigeuza nyingine zote ziwe hiyo kabla ya kuhifadhi.

Alama ya kutenganisha sehemu nayo huvuka mipaka kwa shida. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi za Kifaransa, kama nyingi za Bujumbura au Bukavu, huandika tatu na nusu kuwa 3,5. Iliyopangwa kwa desturi za Kiingereza huandika 3.5. Faili linalotumia mkato kutenganisha sehemu laweza basi kuigawa namba moja kuwa mbili. Kichupo huepusha utata huo, kwani ni nadra kupatikana ndani ya jibu la hojaji.

Saa ni mtego mwingine. Msailiwa akisema saa 3 asubuhi, na karani akaandika 3:00, programu itaielewa kuwa saa 9 usiku. Kosa hili halionekani baadaye, kwa sababu namba yenyewe ni halali. Kiwango cha ISO 8601, kinachoandika 2023-04-03T09:00, huondoa pia utata wa siku na mwezi, mradi ubadilishaji ufanywe wakati wa kuingiza data.

Kuna pia hatari ya tendo la kuandika lenyewe. Programu inayoandika juu ya faili lililopo kwa kawaida hulifuta kwanza, kisha hujaza upya; umeme ukikatika katikati, data za jana na za leo hupotea pamoja. Dawa yake ni kuandika faili la muda pembeni, kuhakikisha limefika diskini, kisha kulipa jina la lile la zamani. Katika mifumo inayofuata kiwango cha POSIX, ubadilishaji huo wa jina hauna nusu: msomaji hukuta faili la zamani zima au jipya zima.

Kwa washauri wa sera, mahali pa kuingilia ni mikataba ya miradi inayogharimiwa na umma. Mkataba unaodai “data zikabidhiwe” hautoshi. Udai mafaili ya matini pamoja na faili fupi la maelezo linalotaja usimbaji, ritifaa iliyoteuliwa, alama ya kutenganisha, mfumo wa saa na maana ya kila safu.