Mkuu wa Shule Aliyerudi Kushika Chaki

Sogeeni karibu, wajukuu. Leo sina sungura wala fisi. Nina mwalimu mmoja, na hadithi yake ni ya kweli.

Jina lake Edward Carey Francis. Alizaliwa London mwaka 1897, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, halafu akasoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alikuwa bingwa hasa, hata wakambakiza palepale awe mhadhiri. Ninyi mnaonuna mkiona sehemu na desimali, huyu alikuwa akiwafundisha watu wazima hesabu zilizojaa herufi kuliko tarakimu!

Angeweza kuzeekea Cambridge. Kazi ilikuwa nzuri na heshima ilikuwapo. Lakini mwaka 1928 alifunga mizigo akaja Kenya na wamishenari wa Kanisa la Anglikana, akawa mkuu wa shule ya Maseno, karibu na Kisumu, pale mstari wa ikweta unapopita. Mhadhiri wa chuo kikuu akasimama mbele ya watoto waliokuwa bado wanahangaika na kuzidisha na kugawanya. Mmoja wa vijana aliowafundisha huko aliitwa Oginga Odinga, ambaye baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya.

Mwaka 1940 alihamishiwa Shule ya Upili ya Alliance, kule Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Ili muelewe uzito wa shule hiyo, jueni kwamba siku hizo shule za sekondari zilizopokea Waafrika katika Kenya nzima zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mtoto wa Pwani na mtoto wa Ziwani walikutana bweni moja. Ronald Ngala alitoka Pwani akasoma hapo. Kabla ya kuingia katika siasa, yeye mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu Mombasa. Julius Kiano alipita hapo pia, akaja kuwa waziri. Carey Francis aliiongoza Alliance kwa miaka 22.

Msidhani alikuwa babu mpole wa kugawa peremende. Alikuwa mkali. Kengele ikilia imelia. Wala mimi siwezi kuwaficha kwamba alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni, na mawazo ya enzi hiyo alikuwa nayo. Waafrika waliodai uhuru upesi hawakukubaliana naye kila mara. Kiingereza kilitukuzwa sana shuleni, na mwanafunzi wake mmoja, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuja kuipinga elimu ya namna hiyo kwa nguvu zake zote, akaanza kuandika kwa Kigĩkũyũ.

Huyo Ngũgĩ aliingia Alliance mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari, vita vya wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya ukoloni vikiwa vimepamba moto. Kaka yake alikuwa msituni na wapiganaji hao. Alipofunga muhula wa kwanza akarudi nyumbani, hakukikuta kijiji chake: kilikuwa kimebomolewa na watu wamehamishwa kwa nguvu. Carey Francis hakuwaunga mkono Mau Mau hata kidogo. Hata hivyo, askari wa serikali walipowatesa watu, aliandika kulalamika, ingawa serikali hiyo ilikuwa ya Waingereza wenzake. Ndiyo maana mimi simweki katika kundi la wabaya wala la watakatifu.

Sasa tunafika mahali ninapopapenda. Mwaka 1962 alistaafu, akiwa na umri wa miaka 65 hivi. Kenya ilibakiza mwaka mmoja tu kupata uhuru. Wakuu wengi wa shule waliotoka Uingereza, wakishastaafu, walirudi kwao wakapumzike. Yeye hakuwa na mke wala mtoto wa kumngoja, na jina lake lilijulikana nchi nzima. Mnadhani alikwenda wapi?

Alikwenda Pumwani.

Kama hamjafika Nairobi, Pumwani iko mashariki ya katikati ya jiji, jirani na soko la Gikomba. Ni mtaa wa zamani wa Waafrika, na ndani yake mna Majengo, ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu zamani na Waislamu na Wakristo wanaishi ukuta kwa ukuta. Watu wake walikuwa wa kipato kidogo. Alliance ilichagua wanafunzi bora kutoka nchi nzima; shule ya Pumwani ilikuwa na watoto wa mtaa, ambao wengi wao hawakuwa na hata meza ya kufanyia kazi za nyumbani.

Na hakwenda kuwa mkuu. Alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida katika shule hiyo. Fikirieni kidogo maana yake. Mtu aliyeongoza shule kwa zaidi ya miaka 30, anayeamrisha na walimu wakaitika, sasa ana mkubwa wake wa kumpangia ratiba ya vipindi. Anasahihisha madaftari kama mwalimu kijana aliyeanza kazi jana. Wanafunzi wake wa zamani wanaapishwa kuwa mawaziri, yeye yuko ubaoni anaeleza hesabu.

Wazee wengi hushindwa na jambo hili. Mtu aliyezoea kuitwa mkubwa huona aibu kukaa kiti cha nyuma, hata pale ambapo kazi bado anaiweza na wanaohitaji msaada wake bado wapo. Mimi nikiulizwa alipofanya kazi kubwa zaidi, sitaji Alliance. Alliance ilikuwa na wanafunzi hodari, na ingeendelea na mkuu mwingine, kama ilivyoendelea kweli. Pumwani alikwenda bila kulazimishwa na bila cheo.

Alifundisha huko miaka minne. Mwaka 1966 alifariki Nairobi, akiwa bado mwalimu wa Pumwani.

Kazi yenu basi ni hii. Habari za Alliance zimeandikwa sana, kwa sababu waliosoma pale walikuwa mawaziri na waandishi. Waliosoma Pumwani miaka ile minne wengi wao hawakuandika vitabu, na sasa ni wazee wa miaka 70 na zaidi. Kama mna babu au jirani aliyesoma shule hiyo kati ya mwaka 1962 na 1966, mwendeeni na daftari. Mwulizeni mzungu yule mzee aliingiaje darasani, alikasirishwa na nini, alichekeshwa na nini. Yaandikeni majibu yake, kwa Kiswahili, na muweke tarehe juu ya ukurasa.