Mlingoti wa Mei na Lango la Shule

Mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri. Shule nyingi za msingi huwatoa watoto saa tisa na robo au na nusu, na mzazi aliyekuja kumchukua mwanawe hana la kufanya ila kumfunga zipu ya koti, kumshika mkono na kuwahi nyumbani kabla giza halijatanda. Watu hupishana na salamu ya juujuu. Anayetaka kuwajua Waingereza wa mtaani kwake asijisumbue mwezi huo, asubiri Machi. Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele kwa saa moja, jioni hurefuka, na wale wale waliokuwa wakipishana huanza kubarizi langoni mwa shule huku watoto wakikimbizana kando ya ukuta. Ndipo utakapojua nani anahama, nani amejifungua, nani amepoteza kazi.

Hapo langoni kuna jambo ambalo mtu aliyelelewa Uswahilini halimpi tabu hata kidogo: wazazi hujuana kwa majina ya watoto. Mtu ni mama yake fulani au baba yake fulani, na wanaweza kukaa miaka mingi, tangu watoto wana umri wa miaka minne hadi kumi na mmoja, bila kuulizana majina yao wenyewe. Mama Asha wa Zanzibar akifika hapo ni Mama Asha vilevile.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa kwa Kiswahili kuhusu Uingereza ya wafalme, ya mpira na ya bunge. Ya shule ya msingi ni haba, na mimi naamini ndiko ziliko mila za watu wale, hasa za majira ya machipuko. Zamani zililelewa na kanisa na kijiji. Siku hizi makanisa mengi yana waumini wachache, na vijijini wakaazi wengi huenda kufanya kazi mbali na kurudi usiku. Aliyebaki na kalenda mkononi ni mwalimu mkuu.

Kalenda hiyo hutoka kila Ijumaa, katika barua ya shule kwa wazazi. Ukiisoma kwa mwaka mzima umeijua jamii. Kuna tahadhari ya chawa darasa la pili, makoti yaliyookotwa bila jina, ombi kwa wenye magari wasiegeshe mbele ya lango, na jina la mtoto aliyefanya vizuri wiki hiyo. Kuanzia Februari barua hunenepa, maana sikukuu hufuatana.

Ya kwanza ni Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu. Waislamu wa pwani wanaoujua utamaduni wa kuvunja jungu kabla ya Ramadhani wataielewa mara moja: kabla ya kuingia Kwaresima, nyumba zilimaliza mayai, maziwa na siagi kwa kupika chapati za maji. Katika mji mdogo wa Olney, jimbo la Buckinghamshire, wanawake hushindana mbio siku hiyo wakiwa wameshika vikaango, na wenyeji husema mashindano hayo yalianza mwaka 1445. Shuleni mbio hizo hufanywa uwanjani. Mtoto hukimbia na kikaango, hurusha chapati juu na kuidaka, na inayoanguka huokotwa kutoka kwenye lami kwa shangwe.

Kisha huja Alhamisi ya kwanza ya Machi, siku ya vitabu, ambayo Uingereza iliianza mwaka 1997. Kila mtoto hupewa hati ya pauni moja ya kununulia kitabu, na wengi huenda shuleni wamevaa kama mhusika wa hadithi waipendayo. Ni siku nzuri, lakini ina uzito wake. Mzazi mwenye zamu ya usiku na watoto watatu hana muda wa kushona mavazi wala fedha za kuyanunua, na mtoto asiye na vazi huonekana mbali. Ndiyo maana nazipenda shule zilizoamua kila mmoja aje na nguo za kulalia, au apambe kiazi kifanane na mhusika. Kiazi kila nyumba inacho.

Jumapili ya nne ya Kwaresima ni ya akina mama. Chimbuko lake ni la kanisa: watu walirudi kusali katika kanisa mama la eneo lao, na mabinti na vijana waliokuwa watumishi wa ndani waliruhusiwa kwenda kwao, wakichuma maua njiani. Karibu robo ya shule za msingi za England ni za Kanisa la Anglikana, na huko watoto bado huandaa vishada vya dafodili. Shule nyinginezo huweka meza ya zawadi ndogondogo, mtoto aje na sarafu zake achague mwenyewe, na mtu mzima anayeuza hufunga zawadi kwa karatasi bila kuuliza maswali. Mtoto aliyefiwa na mama, au anayelelewa na bibi, hufungiwa ya kwake vilevile. Mwalimu aliye makini huwa amezungumza naye siku mbili kabla.

Pasaka huleta gwaride la kofia zilizobandikwa vifaranga vya pamba na mayai ya karatasi, kisha shule hufungwa kwa wiki mbili. Huko Preston, kaskazini, watoto wamekuwa wakiviringisha mayai kwenye mteremko wa bustani ya Avenham tangu mwaka 1867.

Ndani ya madarasa kuna mambo yasiyo na sikukuu. Mayai ya chura huletwa kwenye beseni la kioo na viluwiluwi huota miguu mbele ya macho ya watoto. Mayai ya kuku huwekwa kwenye mashine ya kutotolea, watoto wakihesabu hadi siku ya 21. Kwa mtoto aliyekulia ghorofani, na ambaye nyama huiona ikiwa tayari kwenye pakiti, hilo si dogo. Kuna jambo jingine wageni hawalijui: wakati wote wa baridi uwanja wa nyasi hufungwa kwa sababu ya tope, na watoto huchezea kwenye lami. Asubuhi moja ya Aprili mwalimu mkuu hutangaza kwamba nyasi zimekauka. Mapumziko ya siku hiyo hayana mfano. Wasichana huketi wakiunganisha maua madogo meupe yenye kiini cha njano kuwa mikufu, kwa kupasua bua moja kwa ukucha na kupitisha jingine. Mwenzio akikuwekea ua la njano chini ya kidevu na mng'ao wake ukaonekana kwenye ngozi, basi unapenda siagi.

Hakuna mtu mzima aliyewafundisha hayo. Iona na Peter Opie, mke na mume, walikusanya michezo, mizaha na maneno ya watoto wapatao 5,000 katika shule 70, wakayatoa kitabuni mwaka 1959. Walionyesha kwamba watoto hurithishana wenyewe kwa wenyewe, wa miaka kumi kwa wa miaka saba, pamoja na sheria zake. Mzaha wa tarehe 1 Aprili, kwa mfano, una mwisho: ikishapita saa sita mchana, mjinga ni yule anayejaribu kumdanganya mwenzake.

Sasa niseme kuhusu mlingoti wa Mei. Mei inapoingia, katika shule zinazoshika mila hii mlingoti hutolewa stoo na kusimamishwa uwanjani, ukiwa na tepe za rangi zilizofungwa juu. Mara nyingi watoto wachache huketi juu ya kitako chake ili usiyumbe. Wachezaji 16 au 24 hushika tepe, kila mmoja wake, wakiwa wawili wawili. Muziki ukianza, nusu huzunguka upande wa kulia na nusu wa kushoto: unampitisha wa kwanza chini ya utepe wako, wa pili unapita chini ya wake, wa tatu unampitisha tena. Macho yakiwa juu, unaona rangi zikishuka zimesukana kama ukili mikononi mwa msukaji, kila mwaa ukijua zamu yake. Akikosea mmoja, fundo huonekana hapo hapo na wote husimama. Mwalimu hawafokei. Huwaambia wageuke na kurudi nyayo kwa nyayo hadi penye kosa. Na ngoma ikikamilika, lazima wairudie yote kinyumenyume ili tepe zifunguke.

Watazamaji hudhani ngoma hiyo ni ya kale sana. Mlingoti ni wa kale kweli. Bunge la Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, liliupiga marufuku mwaka 1644, na watu wakausimamisha tena baada ya Mfalme Charles II kurudi kutawala mwaka 1660. Lakini ule ulikuwa mti mrefu uliopambwa kwa majani na maua, watu wakiuzunguka. Kusuka tepe ni jambo la karne ya 19. Mwaka 1881 mwandishi John Ruskin alianzisha sherehe ya kumchagua msichana kuwa Malkia wa Mei katika chuo cha ualimu cha Whitelands, London, kilichosomesha wanawake, na walimu waliohitimu hapo wakaibeba ngoma ya tepe hadi kwenye shule walizopangiwa. Kwa hiyo mila ambayo babu wa kijijini anaapa ni ya mababu zake ilifika na mwalimu mgeni aliyeshuka kwenye treni. Kwangu hilo haliipunguzii heshima. Linaonyesha tu kwamba shule imekuwa ikitengeneza mila, pamoja na kuzitunza.

Na kazi hiyo inaendelea. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, katikati ya muhula. Shule nyingi zenye watoto Waislamu hutenga chumba tulivu wakati wa chakula cha mchana kwa wakubwa wanaojaribu kufunga, na siku ya Idi mtoto huruhusiwa kutokuwepo. Ikija siku ya kuuza keki kuchangia shule, mama wa Kiswahili analeta kaimati, Mwingereza analeta keki yake ya limau, na Ijumaa inayofuata barua hutaja zote mbili.

Wasiwasi wangu ni idadi ya watoto. Watoto wanaozaliwa wamepungua na kodi za nyumba zimewasukuma wenye familia nje ya miji. Katika maeneo ya London kama Hackney na Lambeth shule za msingi zimefungwa au kuunganishwa. Serikali hutoa fedha kwa kuhesabu watoto. Madarasa ya wadogo yana kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na wakija 17 tu mwalimu hulipwa mshahara ule ule. Shule ikifungwa, halmashauri humtafutia kila mtoto dawati kwingine, na hapo huhesabu kazi imekwisha. Beseni la viluwiluwi, mlingoti na bibi ajaye kila Aprili kufundisha tepe havimo katika hesabu hiyo.

Tarehe 16 Aprili wazazi wa watoto wa miaka minne hupata jibu la maombi waliyotuma kabla ya 15 Januari, wajue mtoto ataanza wapi Septemba. Langoni swali huwa ni moja, amepata shule gani. Mimi huongeza la pili: darasa lake litakuwa na watoto wangapi?