Umeshushwa Kanduyi Saa Kumi Usiku na Begi Tatu? Hivi Ndivyo Utafika Loji Bila Kuchezwa

Ukitazama zile video za wasee wakishuka treni huko Ulaya, utadhani kusafiri na mzigo ni raha. Mtu anatoka stesheni, anavuka barabara akiburuta begi ya magurudumu, hoteli hii hapa. Sasa jaribu hiyo kitu Kitale ukiwa na sanduku la shule, godoro na mtungi wa gesi.

Stesheni ziko, usidanganywe. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, tawi lililotoka upande wa Eldoret, na ndiyo ilifanya huo mji ukakua hivyo. Bungoma nayo iko kwenye laini kubwa ya kwenda Malaba hadi Uganda. Shida ni moja. Zile treni unasikia zikipiga honi Bungoma zimebeba mizigo, si wewe. Treni ya abiria ya karibu ni ile ya Kisumu iliyorudishwa Desemba 2021, na ukishuka Kisumu bado uko na safari ya matatu mbele yako. Kwa hivyo stesheni yetu yenye fujo ni steji ya basi, na hoteli yetu mara nyingi ni loji iko juu ya duka la hadwea.

Kabla hatujafika huko, neno moja kwa wale wanatoka Coast. SGR ilianza kubeba abiria Juni 2017, na tangu hapo watu wetu wengi wanapanda Miritini wakijua watashuka Nairobi. Zii. Unashuka Syokimau, na town iko mbali. Kuna treni ndogo inakungoja hapo ikupeleke hadi stesheni ya kitambo katikati ya jiji. Panda hiyo. Usikubali ile sauti inakuitia teksi ukitoka tu kwa mlango, labda kama mko wanne na mnagawana. Ukishuka stesheni ya kitambo, Haile Selassie iko hapo mbele, na Easy Coach wako steji hapo hapo Railways. Hiyo ni mwendo wa miguu hata na begi mbili. Mtu akikwambia ni mbali, anatafuta ya supper.

Sasa twende magharibi.

Basi za usiku za kutoka Nairobi huwa zinaingia Kitale na Bungoma kati ya saa kumi na saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ndiyo saa mbaya zaidi ya kuwa na mzigo. Uko na usingizi, simu iko asilimia nne, na baridi ya Kitale haijui kama umetoka Mombasa na vesti. Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, so jaketi lisiwe ndani kabisa ya begi ile iko kwa buti. Inakaa kitu kidogo, lakini mtu anayetetemeka hukubali bei yoyote.

Bungoma iko na mtego wake, na huu ndio umekula watu wengi. Basi ikiwa inaenda Malaba, haina haja ya kuingia Bungoma town. Barabara kuu inapita Kanduyi, halafu inaendelea zake. Town yenyewe iko kando, kilomita chache kutoka hiyo makutano, ukifuata ile barabara ya leni mbili mbili inayoelekea Musikoma. Kwa tiketi imeandikwa "Bungoma", kichwani mwako ni town, kwa makanga ni Kanduyi. Wote mko sawa, na wewe ndio utasimama kwa lami. Uliza swali hili Nairobi kabla hujalipa, na uliulize hivi: "Mnaingia town ama mnaniacha Kanduyi?" Ukiuliza "Mnafika Bungoma?" utaambiwa ndio, na hajakudanganya.

Ukijua ni Kanduyi, unapanga mapema. Kama unaenda Chuo Kikuu cha Kibabii, chuo chenyewe hakiko town, kiko nje kwa barabara ya Chwele. Freshaz wengi wanalipa boda ya kuingia town, halafu wanalipa tena ya kutoka. Kama utaripoti kesho yake, tafuta loji iko upande wako, usijizungushe na sanduku.

Turudi kwa steji. Basi limesimama, mlango haujafunguka vizuri, na kuna wasee sita wameshika begi yako. Hapa ndipo doh hupotea, kwa hivyo elewa kwanza vile hiyo mchezo inaendeshwa.

Kuna aina mbili za hao watu. Wa kwanza ni mwenye boda ama probox mwenyewe. Wa pili ni broka. Huyu hana gari, hana pikipiki, ako na mikono tu. Anachukua begi yako, anaipeleka kwa gari ya mtu, anapewa kitu kidogo na dereva, halafu anakugeukia na wewe umpe ya "kubeba". Dereva naye amejumlisha ya broka kwa bei yako. Umelipa mara mbili na hujatoka steji bado. Sisemi ni wezi. Wengi ni mayuti wa hapo tu wanatafuta unga, na ukiwa na magunia matatu utafurahi ako hapo. Lakini kazi inaitwa kazi wakati mmepatana. Akishika kabla hamjaongea, mwambie tu kwa upole, "Wacha kwanza boss, nangoja mtu." Usirushe mkono, usitoe matusi. Bungoma ukianza na "mulembe" watu hupoa haraka. Ni salamu ya amani kwa Wabukusu, na inaonyesha wewe si mgeni kabisa, hata kama hiyo ndiyo neno pekee unajua.

Sheria yangu ni hii: begi haitoki mkononi kabla bei itoke mdomoni. Na bei itajwe na mzigo wote ukionekana. Kuna wasee huficha begi moja nyuma ya mguu ndiyo wapewe bei ya chini, halafu wanashangaa kelele ikianza huko mbele. Boda ako na haki ya kupandisha hapo, tusidanganyane.

Na kwa nini boda huitisha zaidi ukiwa na mzigo? Wengi wetu tunadhani ni tamaa. Angalia hesabu yake. Boda wengi hawamiliki hiyo pikipiki. Kila jioni kuna mtu anangoja pesa yake, ikitoka ikose kutoka. Anakula kwa idadi ya safari. Kufunga begi yako na kamba ya mpira, kuendesha pole pole juu ya matuta, kukufungulia, kungoja askari wa loji afungue geti, hiyo yote ni muda ambao angebeba watu wengine wawili. Ukielewa hivyo, mazungumzo yanakuwa rahisi. Mwenyeji asiye na mzigo, mchana, ndani ya mji, mara nyingi hulipa finje ama soo. Wewe na begi moja kubwa, alfajiri, mara mbili ya hiyo si wizi. Akisema punch kwa mwendo wa dakika tano, hiyo ni bei ya sura yako, ondoka pole pole. Hatua ya tatu utaitwa.

Kuna kitu lazima niseme hapa, hata kama utaniona mzee. Sheria ya Trafiki inaruhusu boda abiria mmoja. Mmoja. Wewe, beste yako, godoro na sanduku juu ya tangi, hiyo si ujanja. Mzigo mzito nyuma huinua gurudumu la mbele, usukani unakuwa mwepesi, na akifunga breki kwa changarawe ama tope hakuna kitu atashika. Huku mvua inanyesha karibu nusu mwaka, na alfajiri matope hayaonekani. Begi ya kubebwa kwa boda ni ile unaweza kuvaa mgongoni, ama moja imefungwa kwa keria. Sanduku lisiwekwe mbele ya dereva, juu linazuia usukani kukata kona. Ukiwa na zaidi ya hapo, tafuta probox ama tuktuk.

By the way, neno lenyewe "boda boda" ni letu. Lilitoka hapa mpakani na Uganda, upande wa Busia, wakati baiskeli zilikuwa zinavusha watu na magunia kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Hao mababu walikuwa wanabeba mzigo kukuliko kwa pedali.

Probox sasa. Magharibi bila probox ingesimama. Buti inameza kila kitu, na kama mko wawili ama watatu, kukodisha nzima hutoka karibu sawa na boda tatu. Tatizo ni ile lugha. Ukisema "nipeleke" anaweza kudhani unalipa kiti kimoja, na atangoja gari ijae. Sema "nakodisha yote, mimi na mzigo, mpaka mlangoni". Hilo neno mlangoni lina kazi. Bila hilo utaachwa kwa lami, na loji iko mita mia mbili ndani kwa njia ya tope. Kabla hujaingia, piga picha ya namba ya gari na umtumie mtu yeyote. Fanya hivyo waziwazi. Dereva mpoa hatakasirika, na yule mwingine ataona.

Kama umefika saa kumi na hakuna mtu anakungoja, usitoke steji. Najua unataka kulala. Lakini ile saa kati ya basi na mwangaza ndiyo watu hupigwa ngeta, na mtu mwenye begi tatu hawezi kukimbia. Karibu na steji kuna vibanda vinafungua mapema na chai na mandazi. Keti hapo, begi katikati ya miguu, kamba ya moja izungushe kwa mguu wa kiti. Kunywa chai mbili. Saa kumi na mbili na nusu kumekucha, boda wamejaa, bei imeshuka yenyewe. Hizo mbao za chai zimekuokolea soo kadhaa na pengine simu pia. Kwa madem wanaosafiri peke yao, hii narudia: ngoja mwangaza.

Loji yenyewe inapangwa siku moja kabla, kwa simu. Si meseji, piga. Uliza kama ni self ama choo ni ya kushare, kama maji moto iko asubuhi, na rumu iko ghorofa gani. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau. Loji nyingi za town hazina lifti, na rumu ya bei poa huwa ile ya juu kabisa. Kama mzigo ni mzito, ongeza soo mbili ulale chini. Halafu uliza kama ukifika alfajiri utahesabiwa usiku mzima. Wengi hutoa watu saa nne asubuhi, kwa hivyo ukiingia saa kumi na moja alfajiri unaweza kulipia masaa matano ya usingizi. Waambie tu wakuwekee begi mapokezi hadi rumu zitoke. Wengi watakubali bure ama kwa kitu kidogo, na wewe unazunguka town ukiwa mwepesi. Laptopu, vyeti na kitambulisho usiache. Ukitumiwa namba ya kulipa diposti, M-Pesa inakuonyesha jina kabla hujamaliza. Kama ulitarajia jina la loji na limekuja la mtu, simamisha hapo, upige tena uulize.

Kuna nyakati loji hazipatikani, na hizo unafaa kuzijua. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Bungoma ni msimu wa tohara ya Wabukusu. Watu wanarudi ocha kutoka kila kona, barabarani kuna vijana na njuga, probox zimekodishwa na familia, na rumu zimeisha. Juni 2024 Madaraka Day ilipofanyiwa uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, kupata kitanda town ilikuwa kazi. Kitale inajaa kwa njia nyingine. Ni mji wa kulala kabla uende mbali. Wanaoenda Lodwar wanaungia hapo, wanaoenda Endebess na Mlima Elgon pia, kwa hivyo jioni unashindania rumu na walimu, maaskari na watu wa NGO wenye mabegi kukuliko. Ukiwa wa hiyo safari ya Lodwar, tafuta loji ya kutembea kwa miguu kutoka steji ya asubuhi, hata kama si ya kupendeza. Kubeba mzigo mara mbili kwa usiku mmoja ni adhabu.

Na ukirudi Nairobi, juu najua hutarudi mikono mitupu, andika jina na namba yako ya simu kwa gunia la mahindi na makapeni, pande zote mbili. Patana bei ya mzigo na makanga likiwa bado chini, si likishaingia kwa buti. Kuku akipanda, mfungie kwa katoni yenye mashimo na umwambie makanga mapema, kuna wengine hukataa, na kuna wengine huitisha kuku nauli.