Kusawazisha Ubao Mpana

Ubao mpana ni mali. Ubao wa mninga wenye upana wa sentimeta 40 hauonekani kila siku, na bei yake ni kubwa. Lakini mara nyingi ubao kama huo huwa umejikunja. Katikati pamebonyea kama sahani, au pembe moja imeinuka.

Kwa nini hujikunja? Tazama kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata. Utaona miviringo ya mti. Ubao ukikauka, hunywea. Upande ulioelekea gome hunywea zaidi kuliko upande ulioelekea kiini cha mti. Kwa hiyo kingo huinuka kuelekea upande wa gome.

Basi usikimbilie randa. Mimi niliwahi kukimbilia. Nililetewa ubao wa kutengenezea meza. Nilipiga randa tangu asubuhi hadi jioni. Ubao ulisawazika, lakini ulikuwa mwembamba mno, haukufaa tena kwa meza. Nililazimika kumlipa mwenyewe.

Tufanye hesabu. Ubao una unene wa milimeta 30, na umebonyea milimeta 8. Ukiusawazisha pande zote mbili, utabaki na milimeta 22. Sasa tuseme umeupasua katikati kwa urefu. Kila nusu itakuwa imebonyea milimeta 2 tu, siyo 4. Utabaki na milimeta 28. Baadaye utaziunga nusu hizo kwa gundi. Wengine hawapendi kupasua ubao mzuri. Mimi naona afadhali kiungo kuliko meza nyembamba.

Kama unahitaji ubao mfupi, ukate kwanza, ndipo uusawazishe.

Ili kujua pembe iliyoinuka, chukua vijiti viwili vilivyonyooka, vyenye kimo sawa. Weka kimoja kila mwisho wa ubao, kwa kukingama. Chutama, fumba jicho moja, uangalie juu ya vijiti hivyo. Kijiti cha mbali kikionekana kimeinuka upande mmoja, ubao umejipinda.

Sasa laza ubao, tumbo lililobonyea likiwa chini. Tia vipande vyembamba vya mti chini ya tumbo hilo, ili ubao usinepe. Chora mistari ya penseli juu ya ubao wote. Piga randa kwa mshazari, ukikata nyuzi, pale palipoinuka tu. Mistari ikibaki mahali, hapo bado ni bondeni. Punguza kidogo ukingo wa mbali, la sivyo nyuzi zitang'oka randa inapotokea. Mwisho piga randa kwa kufuata nyuzi, nyembamba nyembamba. Kisha geuza upande wa pili.

Ubao mbichi usiuguse. Upange kivulini, vijiti vikiwa kati ya ubao na ubao, ukauke kwanza.

Jioni ukifunga kazi, usilaze ubao juu ya sakafu. Upande wa juu utapata hewa, wa chini hautapata, na ubao utajikunja tena. Usimamishe kwa ukingo, upate hewa pande zote mbili.